Maji ya mfongo na mlango wa Arusha

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha mfongo kijijini kwetu, juu kidogo ya mji wa Moshi. Jirani aliyehamia karibuni alikuwa ameomba kuingizwa katika zamu ya maji. Nilidhani jambo lingekwisha kwa dakika kumi, maana mtu mwenyewe ni muungwana na shamba lake limepakana na mfereji. Lilichukua alasiri nzima. Wazee hawakumuuliza ana mali kiasi gani. Walimuuliza nani wa nyumbani kwake atakuja na jembe siku ya msaragambo, ilhali yeye anafanya kazi Dar es Salaam, na asipotokea mtu, faini atalipa nani. Mwishowe alipewa maji kwa msimu mmoja wa majaribio.

Ndugu msomaji, usiku ule nilijikuta nikiwaza juu ya Arusha, kilomita themanini tu kutoka hapa. Huko, tarehe 24 Novemba 2023, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliikubalia Somalia kuwa mwanachama wa nane. Somalia ilikuwa ikingoja tangu 2012. Na hata hiyo haikuwa hodi ya kwanza: mwishoni mwa miaka ya 1960, Jumuiya ile ya awali ikiwa bado changa, Somalia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba kujiunga, pamoja na Zambia, Ethiopia na Burundi.

Ibara ya 3 ya Mkataba wa 1999 inataja vigezo vya kumpokea mgeni: utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu, ujirani wa kijiografia, uchumi unaoongozwa na soko. Vimeandikwa kama mtihani, lakini kwa mazoea yetu vimekuwa bidhaa ya kupatania bei. Sudan ilipoomba mwaka 2011 ilikataliwa kwa hoja ya jiografia, kwa kuwa baada ya Sudan Kusini kujitenga haikupakana na nchi yoyote mwanachama. Hoja ilikuwa ya kweli. Ilikuwa pia hoja ya starehe, kwani iliwaepusha wakubwa na kazi ya kutamka lolote juu ya Omar al-Bashir, ambaye tangu 2009 alikuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Sudan Kusini, kinyume chake, ilikubaliwa Machi 2016, ikiwa imetoka vitani kwa karatasi tu. Aprili Rais Salva Kiir akatia saini Dar es Salaam; Julai bunduki zikalia Juba. Je, kigezo cha utawala wa sheria kiliwahi kupimwa tena baada ya hapo? Nchi hiyo imekuwa na malimbikizo makubwa ya michango, na Bunge la Afrika Mashariki limewahi kuahirisha shughuli zake kwa kukosa fedha. Kisha ikaja Kongo, iliyoomba Juni 2019 na kukubaliwa Machi 2022, kasi ambayo Somalia ingeionea wivu. Soko la mamilioni ya watu lilizungumza kwa sauti kubwa kuliko Ibara ya 3. Jeshi la Jumuiya lililoingia Kivu mwishoni mwa 2022 likaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kuliongezea muda. Leo Kinshasa na Kigali ni wanachama wa nyumba moja wasioweza kuketi meza moja bila msuluhishi kutoka nje.

Tuirudie Somalia, maana kalenda yake inafundisha. Wiki moja baada ya kukubaliwa Arusha, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiondolea vikwazo vya silaha. Tarehe 13 Desemba ikahitimisha mpango wa kusamehewa madeni, ahueni ya dola bilioni 4.5. Siku mbili baadaye Rais Hassan Sheikh Mohamud akatia saini Mkataba wa kujiunga huko Entebbe. Mogadishu ilijua inachokitafuta: kutambuliwa kuwa dola kamili, yenye mipaka yake yote, Somaliland ikiwamo. Kwa hilo siilaumu hata kidogo. Huo ndio ufundi wa diplomasia. Ninaowalaumu ni sisi tuliokuwa upande wa pili wa meza.

Nisieleweke vibaya. Anayesema Wasomali ni wageni kwetu hajasikia habari za Barawa, mji wa pwani ya Somalia wenye lahaja yake ya Kiswahili, wala za Wazigua ambao babu zao walipelekwa utumwani bonde la Juba, na ambao wajukuu zao walirejea Handeni kama wakimbizi. Undugu upo. Lakini undugu haulipi michango.

Nasi Watanzania tunajua kupatana tukitaka. Katika Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2009 tuling'ang'ania kwamba ardhi ibaki chini ya sheria za kila nchi, na Ibara ya 15 ikaandikwa hivyo. Huku mlimani, ambako kihamba kimegawanywa mpaka mjukuu anarithi migomba kumi, hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Tulishinda kwa kuwa Jumuiya huamua kwa mwafaka: mmoja akikataa, jambo linalala. Nguvu hiyohiyo tulikuwa nayo Novemba 2023, tungeweza kuitumia kudai masharti ya baada ya kuingia.

Masharti yenyewe si ya ajabu. Mwanachama mpya aingie kwa hatua, awe na sauti kabla ya kura, na hatua ya pili ifunguke michango ikishalipwa. Ibara ya 143 inaruhusu hatua dhidi ya asiyetimiza wajibu. Nayo itumike, kwa wakongwe pia, kwani wapo wakongwe wanaochelewa kulipa. Ripoti za timu za uhakiki zisomwe na wananchi, kwa Kiswahili. Mwaka huu niliuliza darasa zima la shahada ya uzamili nani amesoma hata moja. Hakuna mkono ulioinuka.

Wazee wa Holili wanakumbuka jinsi mpaka ulivyofungwa mwaka 1977, ukabaki hivyo hadi 1983, ndugu wakitenganishwa na Taveta kama kwamba kuna bahari katikati. Jumuiya ya kwanza haikufa kwa uchache wa wanachama. Nyerere alikataa kuketi na Idi Amin tangu 1971, wakuu hawakukutana tena, na fedha za mashirika ya pamoja zikawa zinazuiliwa huku na huku. Wasioketi pamoja na wasiolipa: orodha hiyo naiona tena, safari hii ikiwa na majina mengi zaidi.

Jirani yangu, nasikia, amemwajiri kijana amwakilishe kwenye msaragambo. Wazee wamegawanyika kama mtu wa kulipwa anahesabika, na kikao kimeitishwa Jumamosi ijayo.