Mbwa wa Watu Nyumbani Mwako

Ndugu msomaji, huenda unaye binti au mpwa anayekaa Uingereza. Huko watu wengi hufuga mbwa, nao wakienda safari hutafuta nyumba ya kumwachia mtu mnyama wao. Mama mwenye watoto wadogo, asiyeweza kutoka kwenda kazini, huona hapo njia ya riziki: mbwa atalala sebuleni, mwenyewe atalipa, basi. Ikiwa ndugu yako ana shauri hilo, mwandikie kabla hajampokea mbwa wa kwanza, maana jambo hili lina sheria.

Sheria yenyewe si ya jana. Tangu mwaka 1963 Bunge la Uingereza liliagiza kwamba afanyaye biashara ya kulaza mbwa na paka wa wengine awe na leseni ya halmashauri ya mahali pake. Tarehe 1 Oktoba 2018 zilianza kanuni mpya za England, nazo zataja waziwazi kazi ya kulaza mbwa nyumbani. Scotland na Wales zina taratibu zao.

Ukimtunza mbwa wa jirani kwa wema tu, huhitaji leseni. Lakini ukiifanya kuwa biashara, ukitoza ada, sharti leseni itangulie. Afanyaye biashara hiyo bila leseni aweza kutozwa faini, au kufungwa hata miezi 6.

Kabla ya kutoa leseni, halmashauri hutuma mkaguzi. Huyu hatazami uzuri wa viti. Hutaka kuona kwamba kila mbwa ana chumba ambamo aweza kutengwa na wenzake ikiwa lazima. Kwamba pana ua wa nyumba hiyo peke yake, usio wa kushirikiana na majirani. Na kwamba kati ya mbwa na njia ya kutokea pana vizuizi viwili. Mbwa wa nyumba mbalimbali hawachanganywi mpaka wenyewe wote wamekubali kwa maandishi. Kila siku mbwa afanyishwe mazoezi, walau mara moja, kwa kadiri ya umri na afya yake. Na ikiwa nyumbani wamo watoto wasiotimiza miaka 16, lazima uwepo utaratibu wa jinsi watakavyokaribiana na mbwa.

Utasema, “Makuu gani haya! Mbwa ni mbwa.” Lakini fikiri kidogo. Mbwa aliyeachwa katika nyumba ngeni hajui kwamba bwana wake atarudi. Ana hofu, na mwenye hofu hukimbia au huuma. Mleta barua akibisha na mlango ukafunguliwa, kizuizi cha pili ndicho kitakachomzuia asitoke barabarani. Mtoto akimvamia usingizini, utaratibu ule ndio utakaouponya uso wa mtoto. Kanuni hizi zamlinda mnyama asiyeweza kusema, tena zamlinda na mwenye nyumba, asije akaulizwa habari ya mali ya mtu iliyopotea mikononi mwake.

Ukaguzi ukiisha, halmashauri hutoa nyota, kuanzia 1 hadi 5. Mwenye nyota nyingi hupata leseni ya muda mrefu zaidi. Leseni zenyewe ni za mwaka 1, miaka 2 au miaka 3. Ndani yake huandikwa idadi ya mbwa wanaoruhusiwa, wala haifai kuizidisha kwa kuwa msimu wa likizo umefika na fedha inaonekana.

Naye mwenye mbwa asikae kimya. Leseni hutundikwa mahali pa kuonekana, na namba yake huandikwa katika tovuti ya biashara, ikiwa ipo. Basi na aombe kuiona kabla ya kukabidhi mnyama wake. Nako kwenye ofisi za halmashauri aendako mama yule, ataelezwa ada na fomu za mahali pake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuanza kwanza na kuuliza baadaye.