Mtumishi Ajifunze Lugha ya Mlimani

Watumishi wanaohamishiwa Moshi, hasa ndugu zetu wa Unguja na Pemba walio katika kazi za Muungano, huja na Kiswahili fasaha wakadhani kinatosha. Mjini kinatosha. Huko juu migombani, mzee anapodai kihamba cha baba yake au zamu yake ya maji ya mfongo, husema kwa Kichagga, na mkalimani humfupisha. Anayepunjika hapo ni mzee.

Twawaomba basi wajifunze. Mwanzo wake si mgumu: "shimboni" ni salamu ya upande wa Vunjo, "aika" ni ahsante; kwa heshima mwanamume huongezewa "mbe" na mwanamke "mae". Tatizo ni kwamba Kichagga si kimoja. Mmachame na Mrombo hawaelewani kwa urahisi. Mgeni na ashike kile cha kata aliyopangiwa, vingine aviache. Mtu wa Makunduchi, mwenye lahaja yake kijijini, atatuelewa upesi.

Wako watakaonong'ona kuwa huu ni ukabila. Hatukubali. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe yataka jamii zetu ziendelee kuzitumia na kujivunia lugha zake za asili. Huko Catalonia, jimbo la Hispania ambako karibu kila mtu anajua Kihispania, chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1989 huwafundisha watu wazima Kikatalani tangu hatua ya kwanza. Halmashauri zetu nazo hazikosi walimu wastaafu wa kuwafundisha watumishi wapya, jioni mbili kwa juma, katika miezi yao mitatu ya mwanzo.