Yoga ku masomo: tusikatae mbele ya kuelewa

Neno "yoga" likitajwa ku mukutano wa wazazi, kelele inaanza. "Banataka kuingiza batoto betu mu dini ya Wahindi?" Ulizo hili si la kucheka. Yoga ilizaliwa kweli kule India, katikati ya watu wa kusali, na muzazi ana haki ya kujua wanafundisha mutoto wake nini. Lakini shurti kwanza tuangalie kitu chenyewe.

Kwa watoto wa kalasi ya kwanza na ya pili, kazi ni ndogo. Wanasimama pembeni ya banki, wananyoosha mikono juu, wanavuta pumzi kwa pua mupaka hesabu ya tatu, wanaitoa polepole mupaka tano. Mara sita ao saba, basi. Dakika tano zinatosha. Hapana uchawi pale: tukitoa pumzi polepole, moyo nao unapunguza mwendo, mwili unatulia, na mutoto anaweza kusikia mwalimu.

Watumikaji wa chini ya ardhi wanajua jambo hili kuliko sisi waandikaji. Mutu wa kuokoa wengine, mwenye chupa ya hewa ku mugongo, anafundishwa kupumua bila haraka, juu mwenye kushikwa na woga anamaliza hewa yake mbele ya wakati. Kile tunafundisha mutu mukubwa, kwa nini tukatalie mutoto mwenye kutetemeka mbele ya hesabu?

Wengine walipita mu njia hii. Ku Paris, Micheline Flak, mwalimu wa Kiingereza, alianza mazoezi haya mu kalasi yake miaka ya 1970. Mwaka wa 1978 akaunda chama RYE ili yafike ku masomo mengine. Kule Marekani, jimbo la Alabama, penye wachimba makaa na makanisa mengi kama kwetu, lilikataza yoga ku masomo ya serikali mwaka wa 1993. Ilikaa vile mupaka 2021. Sheria mupya iliiruhusu, lakini kwa masharti: mazoezi tu, hapana nyimbo wala maneno ya ibada, na muzazi atie sahihi kwanza. Hakuna aliyelazimishwa, na mwenye kutaka alifunguliwa mulango.

Basi tuseme maoni yetu wazi. Tunakubali zile dakika tano, kwa masharti matatu.

La kwanza: mwalimu aonyeshe wazazi mazoezi yote mbele ya watoto kuanza. Muzazi akikataa, mutoto wake asisukumwe wala asichekwe.

La pili: hewa yenyewe iwe safi. Kuambia mutoto avute pumzi ndefu wakati malori ya madini yanapita karibu na dirisha, ni kumulisha vumbi. Makampuni shurti yamwange maji ku barabara zile za udongo kila siku, hapana siku ya wageni tu.

La tatu: pumzi isichukue nafasi ya banki. Tangu Septemba 2019, masomo ya primeri ya serikali ni ya bure, na watoto waliingia kwa wingi. Ni jambo jema, lakini kalasi zimejaa na walimu wamechoka. Mutoto mwenye njaa, mwenye kukaa chini ku sima, hatashiba pumzi. Mukubwa yeyote asikuje kutuletea mazoezi ili tusahau kumuuliza mushahara wa mwalimu.

Wandugu wazazi, ku mukutano wenye kuja, mbele ya kupiga kelele, ombeni mwalimu afanye zoezi lile pale pale, na ninyi mulifanye pamoja naye. Kisha mukate neno. Na baba mwenye kutoka ku posti ya usiku, mwili umechoka na hasira iko karibu, naye ajaribu ile hesabu ya tatu na tano mbele ya kugombeza watoto. Haiombi franka hata moja.