Fedha za Mto Zifike Mtoni
Ilani ya kuanzisha vuguvugu la wakazi wa Sotik

Sisi ni wakulima wa majani chai, wachumaji, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wachuuzi wa sokoni, walimu na waendesha bodaboda wa wadi tano za Sotik, Kaunti ya Bomet: Ndanai/Abosi, Chemagel, Kipsonoi, Kapletundo na Rongena/Manaret. Wamo Wakipsigis, wamo Wakisii wa upande wa Borabu, wamo vibarua waliokuja kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa wakaoa na kuzaa hapa. Kilichotukutanisha ni dai moja. Kazi ya kuzuia uchafuzi wa hewa, maji na ardhi ilipiwe, na wananchi waone imelipiwa kwa shilingi ngapi. Vuguvugu hili halijapewa jina. Wanachama watalipigia kura. Dai haliwezi kungoja jina.

Tunaanza na sheria kwa sababu ndiko mwananchi anakozungushwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Kisha Jedwali la Nne likagawa kazi: kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele ni kwa kaunti, kuzoa taka na kusimamia majalala ni kwa kaunti, huduma za maji na usafi vilevile. Leseni ya kumwaga maji taka, kwa kanuni za ubora wa maji, hutolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mto wenyewe, Kipsonoi, uko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mgawanyo huu si mbaya. Ubaya ni kwamba mama anayeteka maji chini ya mtaro, akiona yamebadilika rangi, hana wa kumwendea mmoja. Ofisi hii humwelekeza ile, ile humrudisha hii, na siku zinapita. Maji yale yaliyobadilika rangi yameshafika mbali, na pasipo sampuli hakuna kesi.

Neno sampuli tunalirudia makusudi. Kudhibiti uchafuzi ni kazi ya kila siku. Mtu anaamka asubuhi, anachukua chupa safi, anapanda pikipiki, anateka maji juu ya kiwanda na chini ya kiwanda, anayapeleka maabara yakiwa bado baridi, anaandika matokeo, na wiki inayofuata anarudi palepale. Mwingine anapima moshi wa boila na vumbi la barabarani. Mwingine anafuata lori la kunyonya vyoo ajue linamwaga wapi. Hakuna utepe wa kukata katika kazi hii wala jiwe la kuandikwa jina la mheshimiwa. Inahitaji mshahara, mafuta ya pikipiki, kemikali za maabara na wakili wa kusimama mahakamani. Vyote hivyo viko kwenye fungu la matumizi ya kawaida, lile ambalo wanasiasa hulikata kwanza na wananchi hulishuku daima, kwa kuwa tumezoeshwa kuamini kwamba maendeleo ni saruji.

Ndiyo maana tunasema ruzuku. Kifungu cha 202 cha Katiba kinaruhusu serikali ya kitaifa kuiongezea kaunti fedha kutoka fungu lake yenyewe, kwa masharti au bila masharti. Kifungu cha 203 kinataka mgawanyo wa mapato uzingatie kama kaunti zinaweza kweli kutekeleza kazi zilizopewa. Mlango uko wazi tangu 2010, na wengine wameupitia. Kwa mpango wa KUSP wa kusaidia miji, kaunti zilipata ruzuku pale tu zilipoipa miji yao hati na bodi. Mpango wa FLLoCA wa tabianchi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, ulizitaka kaunti zitunge sheria ya hazina ya tabianchi, zitenge sehemu ya bajeti yao ya maendeleo na ziunde kamati za wadi. Zikafanya. Masharti ya fedha yalifanikisha kile ambacho miaka ya hotuba haikukifanikisha, na sisi si wa kubeza masharti yenye akili.

Lakini fedha za tabianchi haziwezi kubeba kila mzigo. Chemchemi ikijengewa uzio na miche ikapandwa, tunashukuru, kongoi. Mche haumzuii mtu kumwaga mafuta machafu ya gereji kwenye mtaro unaoshuka mtoni. Tunadai ruzuku yenye masharti ya kudhibiti uchafuzi, iwe na jina lake na mstari wake katika sheria ya kila mwaka ya mgao wa ziada kwa kaunti, itolewe kwa kaunti zote 47.

Kwa nini mlipa kodi wa Garissa au Nairobi achangie mto wa Sotik? Kwa sababu Kipsonoi haiishii Sotik. Inatoka msitu wa Mau, inapita kwetu, inaungana na mito mingine kuwa Sondu, inasukuma mitambo ya umeme ya Sondu Miriu yenye megawati 60 na ya Sang'oro yenye megawati 21, halafu inaingia ziwani kwenye Ghuba ya Winam. Mbolea ya chai, ile NPK 26:5:5 tunayoijua sote, ikisombwa na mvua hushuka na mto hadi ziwani, na naitrojeni na fosforasi ndicho chakula cha gugu maji linaloziba njia za wavuvi. Mvuvi wa Winam hapigi kura Bomet. Hana mwakilishi wadi wa kumsukuma gavana wetu asafishe mtaro wa Chemagel. Kaunti iliyo juu ya mto ikiachiwa gharama yote peke yake itasafisha kiasi cha kujiridhisha yenyewe, na aliye chini atakunywa kilichobaki. Serikali ya kitaifa ipo kwa ajili ya jambo la namna hii hasa.

Marekani waliliona hili zamani. Sheria yao ya hewa safi ya 1963 ilianza kutoa ruzuku kwa majimbo na miji ili yawe na ofisi za kudhibiti moshi. Hadi leo sheria hiyo inaruhusu serikali kuu kulipa hadi sehemu tatu kwa tano za gharama, na kilichobaki hulipwa na wenyeji. Ina pia sharti ambalo tungependa maseneta wetu walisome mara mbili: ofisi itakayotumia fedha zake yenyewe kwa matumizi ya kawaida ya kazi hiyo chini ya ilivyotumia mwaka uliotangulia haipati ruzuku. Bila sharti kama hilo, ruzuku ikiingia kwa mlango wa mbele, bajeti ya kaunti hutoka kwa mlango wa nyuma, na mto unabaki na kiasi kilekile.

Wapo watakaotuambia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali ni ya kweli, ila hapa haina kazi. Ruzuku hii ni kodi yetu: ya sukari, ya mafuta, ya muda wa simu, na ya chai ambayo miaka nenda miaka rudi imeliletea taifa fedha za kigeni. Hata hivyo tunakubali kwamba fedha za Nairobi zina tabia ya kuchelewa. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, mvutano wa Bunge la Taifa na Seneti juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa matengenezo ya barabara ulikwamisha mswada mzima wa mgao wa ziada, na fedha zisizohusika kabisa na barabara zikakaa zikingoja. Mkaguzi wa mto hawezi kuishi hivyo. Kwa hiyo tunataka kaunti itangulie: iwe na wakaguzi wake katika kila kaunti ndogo, wenye ajira ya kudumu, kwa fedha zake yenyewe, na ruzuku ije kuongeza vifaa, mafunzo na maabara. Tunapendelea maabara moja iliyo karibu, itakayohudumia kaunti zote za bonde la Sondu. Maabara ndogondogo zenye bango kubwa na friji isiyo na umeme hatuzitaki.

Matokeo ya vipimo yabandikwe. Kwenye kituo cha kununulia majani, mkulima husoma kilo zake na makato yake kwenye karatasi, na akikuta zimepungua anajua pa kuuliza. Hesabu ya ruzuku na hali ya mto zisomeke palepale, kwa Kiswahili na Kipsigis, kila robo ya mwaka: kiasi kilichoingia, kilichotumika, aliyelipwa, mahali palipopimwa na kilichopatikana. Kiwanda kinachotimiza kanuni kitajwe kuwa kinatimiza, maana viwanda ndivyo vinavyonunua majani yetu na kuajiri watoto wetu, na uvumi usio na vipimo unaumiza wasio na kosa. Kisichotimiza kipewe muda, na muda ukiisha kipelekwe mahakamani. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika, na tutakitumia.

Atakayeona tunatia chumvi kuhusu gharama ya kutopima asome kesi ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi, metali yenye sumu, katikati ya makazi ya watu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama zilikuwamo taasisi za serikali zilizopaswa kuzuia. Rufaa ikaupindua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Sehemu ya mzigo huo inaangukia hazina ya umma. Kwa fedha kama hizo wangeajiriwa wakaguzi wengi kwa miaka mingi, na watoto wa mtaa ule wasingekuwa na risasi katika damu.

Nasi tunajifunga. Mwanachama haoshi pampu ya dawa mtoni wala hatupi chupa tupu ya dawa kwenye mtaro. Anaacha ukanda wa majani na miti ya kienyeji kando ya mto hata kama shamba ni la nusu ekari, na mikaratusi ng'oo. Haoshi pikipiki ndani ya maji. Hachomi plastiki nyuma ya nyumba. Hapokei bahasha wala fulana ili anyamaze kwenye kikao cha bajeti. Hatutasimamisha mgombea, wala hatutampa chama chochote jukwaa letu. Mwanachama akitangaza kugombea cheo atajiuzulu uongozi hapa siku hiyohiyo. Tumeona makundi mengi mazuri ya bonde hili yakigeuzwa ngazi na mtu mmoja.

Kwa kaunti zilizo chini ya mto, Kericho, Nyamira, Kisumu na Homa Bay, tunawaomba muunde kamati kama zetu. Kwa maseneta: mstari wa ruzuku katika sheria ya mwaka ujao. Kwa wawakilishi wadi wetu: sheria ya kaunti itakayozifungia fedha hizo zisihamishwe kwenda kununua magari.

Kwako msomaji uliye Kaplong, Ndanai au Chemagel. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti ifikishe mpango wa maendeleo wa mwaka katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kisichoandikwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kukikuta Aprili. Andika mahali mto unapochafuliwa katika kijiji chako, taja kazi unayotaka ifanywe, tia sahihi pamoja na majirani zako, na umkabidhi mwakilishi wadi nakala moja kabla ya Agosti kwisha. Nakala ya pili tuletee sisi.