Mbele ya kufunga shimo, tieni tiyo

Vijana wenzetu wa Mbunya, Nyakasanza na Shari, na ndugu wote wa Bunia,

Leo hatuzungumzie bei ya mega. Tutairudilia, musijali. Leo tunazungumzia kipande cha ardhi chenye hata hakifike mita kumi na tano: toka barabarani mpaka mlango wa nyumba yako.

Mwenzetu mumoja anaishi Mudzi Pela. Ako anaandika kazi yake ya mwisho ya chuo kikuu. Kablo ya intaneti ilifika kwenye avenyu yao, familia ikafurahi, mafundi wakakuja. Lakini baba yake alikuwa ametoka kumwanga beto mwezi uliopita, toka mlango wa parsele mpaka barazani, na chini ya ile beto hakuna tiyo hata moja. Kuivunja? Mzee alikatala, na sisi tunamwelewa, simenti haiokotwe njiani. Basi wakapitisha kablo juu: kwenye nguzo ya jirani, kiisha kwenye muti wa avoka, kiisha dirishani. Ilidumu siku kumi na moja. Fuso ya mbao ikapita, ikaenda nayo. Mwenzetu amerudia kuamka saa nane za usiku kutafuta rezo kwenye simu.

Lile tiyo lingetiwa siku moja tu, mbele ya beto. Hakuna mutu aliyemwambia mzee.

Ndiyo sababu tunaandika. Muji wetu unajengwa kila siku, Simbilyabo, Lumumba, Bankoko, kila pahali kuna mutu anachimba: shimo la maji ya REGIDESO, musingi wa ukuta, kanivo mbele ya nyumba. Kila shimo lenye kufungwa bila tiyo ndani, tutalilipa mara ya pili.

Kazi yenyewe si ya injinia. Nunua kwenye kenkayeri lile tiyo la plastiki lenye mikunjo inje na lenye ni laini ndani, la milimita 40 hivi. Kama unapata la rangi ya kijani, ni vizuri zaidi, juu kwa wafundi wenye kufuata desturi ya Kifaransa kijani ni telefone, nyekundu ni umeme, buluu ni maji. Chimba sentimita 60. Pahali gari inapita, 80. Chini tia muchanga, si mawe. Na hapa musikilize muzuri: kona isiwe kali. Fibre optike ni kioo chembamba kama unywele. Ukiikunja kama waya ya umeme, mwangaza unapotea ao kioo kinavunjika. Fanya kona pana, polepole. Ndani ya tiyo pitisha kamba yenye nguvu na uiache pale, ncha mbili zikiwa zimefungwa inje. Siku kablo inakuja, fundi ataivuta na ile kamba kwa dakika chache. Ziba midomo yote mbili, ju ya panya na matope. Mwenye anajua mvua ya Bunia haulize sababu. Waya ya umeme usiilaze pamoja nayo, acha nafasi ya sentimita 20. Mbele ya kufunga, piga picha ya shimo na simu yako, ili kesho usitafute tiyo lako na jembe.

Tena kuna jambo moja wengi hawalione. Lile tiyo ni la mwenye parsele, si la kampuni. Kampuni ikikupandishia bei, ao ikikutumikia vibaya, unatoa kablo yake, unaita ingine, njia ni ileile. Mwenye hana tiyo anabaki kwa yule alimufikia wa kwanza.

Watasema: sasa Starlink iko. Kweli, ARPTC iliikataza mwaka 2024, kiisha ikaipa ruhusa mwaka 2025. Mwenye pesa anunue. Lakini wengi wetu tunapanga, familia tano sita ndani ya parsele moja, na si kila mupangaji ataweka sahani yake juu ya bati la mwenye nyumba.

Watasema tena: watu wanauawa Djugu na Irumu, na ninyi munaleta habari ya tiyo? Swali hili linatuumiza, na hatulikimbie. Sisi wenyewe tuko na ndugu kwenye kambi ya Kigonze. Lakini habari ya shambulio inatufikia kwa njia gani? Mwaka 2019 ulianza intaneti ikiwa imekatwa inchi nzima, karibu siku ishirini kiisha uchaguzi, na wote tunakumbuka namna tulikuwa kama vipofu.

Kwa Meri ya Bunia tunaomba jambo lenye halina bei kubwa. Kila mara barabara inatengenezwa ao kanivo inajengwa, matiyo ya kuvuka yatiwe chini mbele ya kumwanga beto, na yawe wazi kwa kampuni zote. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inazungumzia hata kugawana miundombinu, basi tuanze na shimo. Kila ruhusa ya kujenga iulize: tiyo la kablo litapita wapi? Tunajua Mei 2021 tuliwekwa chini ya viongozi wa eta de sieje. Ndiyo maana barua itaenda moja kwa moja kwa Meya, na kopi kwa mashefu wa kartie.

Kwenye salongo ya Jumamosi, timu yetu itakuwa Mudzi Pela. Mzee amekubali tupite kando ya ukuta, pahali beto haikufika. Mwenye jembe alete jembe, mwenye beleshi alete beleshi. Kamba tuko nayo.