Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi



Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana asiyeubeba huuona mwepesi. Kwa miaka mingi mji wa Tunduma umekuwa bega la kubebea mizigo ya wengine. Shaba na kobalti za Kongo na Zambia hupita hapa zikishuka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mafuta, salfa na mitambo hupita zikipanda kwenda migodini. Upo sasa mzigo mwingine ambao haki yatudai tuujadili mapema: betri kubwa za kuhifadhi umeme.

Betri hizi hazifanani na zile za magari yetu. Kila moja ni kontena zima, mara nyingi la futi 20, lililosheheni maelfu ya seli za lithiamu, ili umeme wa jua uliopatikana mchana utumike usiku. Kontena la aina iliyoenea siku hizi huhifadhi karibu megawati-saa 5, na uzito wake huweza kuzidi tani 40. Uhitaji wake ni wa kweli. Mwaka 2024 ukame ulilikausha bwawa la Kariba kiasi cha kuitumbukiza Zambia katika mgawo mkali wa umeme. Mwezi Aprili 2025 ulitangazwa mkataba wa mtambo wa jua kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, wenye betri za megawati-saa 526. Kwa hesabu nyepesi, hayo ni makontena zaidi ya 100 kwa mradi mmoja tu. Vyombo vya namna hii hutoka ng'ambo, hushushwa bandarini, kisha husafirishwa nchi kavu. Na Tunduma ni mojawapo ya malango makuu ya kuingilia nchi hizo.

Umeme wa jua ni jambo jema, nasi hatuna sababu ya kuupinga. Swali letu ni hili: hatari ya safari yake aibebe nani?

Hatari ipo. Betri hizi husafirishwa zikiwa na sehemu ya chaji yake. Zikipondwa au kupinduka, seli moja huweza kupata joto kali na kuiwasha jirani yake, nayo ikaiwasha nyingine. Moto huo hutoa gesi zenye sumu na zinazoweza kulipuka; huhitaji maji mengi mno, na hata ukionekana umezimika huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Tarehe 26 Julai 2024 lori lililobeba kontena la betri za lithiamu lilipinduka na kuwaka karibu na Baker, jimbo la California nchini Marekani. Kontena lilikuwa na uzito wa tani 34 hivi, likashindikana kuondolewa upesi, na barabara kuu ikafungwa kwa karibu siku mbili. Hiyo ni nchi yenye magari ya zimamoto kila upande, na mahali penyewe ni jangwa. Hapa kwetu barabara hiyo hiyo ya malori inapita katikati ya maduka, stendi na vibanda vya mama lishe, kutoka Mlowo na Vwawa hadi Mpemba na mpakani.

Wapo watakaosema kwamba ajali za namna hii ni nadra, na kwamba lori la petroli ni la hatari zaidi. Ni kweli kwamba moto wa betri si jambo la kila siku. Lakini lori la mafuta kila mtu hulitambua, na hata hivyo tarehe 10 Agosti 2019 pale Morogoro watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya kulikimbilia lori lililopinduka. Je, itakuwaje kwa kontena lisilo na harufu, linalofanana kwa sura na kontena la mitumba? Mtu hawezi kujilinda na asichokijua.

Kwa hiyo yapo mambo manne ambayo wananchi wa Songwe wana haki ya kuyadai.

Kwanza, taarifa. Kabla ya msafara kupita, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hospitali, madiwani na watendaji wa kata wajulishwe kilichomo na siku kitakapopita.

Pili, mahali pa kusimama. Kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2019, lakini foleni za malori bado tunazifahamu. Makontena haya yasilale katika foleni kando ya nyumba za watu wala ubavuni mwa malori ya mafuta. Yatengewe uwanja wake, na nyaraka zake zikamilishwe kabla hayajafika.

Tatu, dereva. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Kontena la tani 40 na ushei, likijumlishwa na gari na tela, hukivuka kwa urahisi, na hapo huhitajika kibali maalumu na tela la ekseli nyingi. Mzigo wa jinsi hiyo usikabidhiwe mtu aliyekesha usukani wala asiyepewa maelekezo kwa Kiswahili. Naye ni baba wa familia, na ndiye aliye karibu zaidi na moto.

Nne, gharama. Mwenye mzigo, anayetarajia faida, ndiye achangie vifaa vya zimamoto na mafunzo katika miji anayoipitia. Si haki faida ivuke mpaka na hatari ibaki Tunduma.

Nasi tunao wajibu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tufundishane alama hii: pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye mistari myeusi na myeupe juu na tarakimu 9 chini, pamoja na namba 3536. Ukiona kontena lenye alama hiyo limeanguka au linafuka moshi, usilisogelee, usipige picha. Waondoe watoto, simameni mbali upande unakotoka upepo, mpige simu 114. Nazo kamati za Haki na Amani za parokia zilizo kando ya barabara kuu ziwaandikie madiwani wao, ziulize kwa adabu: je, mpango wa dharura upo, na umeandikwa wapi? Jibu lisomwe mbele ya watu.