Maputo Yavutia Wageni, Cabo Delgado Yangoja

Mgeni afikapo Maputo, mji mkuu wa Msumbiji ulioitwa Lourenço Marques hadi 1976, hakosi kuelekezwa kwenye ngome ya Mreno karibu na bandari. Humo limo jeneza la Ngungunyane, mfalme wa Gaza, lililoletwa kutoka Ureno 1985. Alitekwa Desemba 1895, akafia uhamishoni Azores mwaka 1906. Uani imesimama sanamu ya Mouzinho de Albuquerque, afisa aliyemteka, iliyoondolewa uwanjani mwa mji baada ya uhuru. Twaona ndugu zetu waliamua vyema: hawakuivunja, wameiweka chini ya ulinzi wao wenyewe.

Lakini Maputo iko kusini kabisa. Kaskazini, ng'ambo ya Ruvuma, visiwa vya Quirimbas vina fukwe nyeupe na ngome kongwe ya Ibo. Utalii huko ulianguka baada ya waasi kushambulia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, kisha Palma Machi 2021. Wapiganaji wetu waliotumikia kikosi cha SADC mkoani humo, kati ya 2021 na 2024, hawahitaji kusimuliwa: walilinda vijiji ambavyo wenyeji walikuwa wamevikimbia, sembuse watalii.